Zamu ya Zaituni

Zaituni nimemzika mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na akili zangu timamu. Mara ya kwanza nilikuwa mwalimu mpya, kijana, mwenye viatu vya kisigino visivyofaa hata kidogo kwa njia za Uluguru, nikakaa jamvini na wanawake nikilia mpaka nikapaliwa. Mara ya pili ni juzi juzi tu. Basi liliniacha Msamvu, pale Morogoro mjini, nikachukua pikipiki hadi Bigwa mguuni mwa mlima, na kutoka hapo nikapanda kwa miguu na fimbo yangu, nikipumzika kila nilipoona jiwe la kukalia, maana siku hizi magoti yangu yana malalamiko mengi kuliko mimi mwenyewe. Nilipofika nikakaa jamvini tena, chini ya paa nililolifahamu vizuri, na mwanamke mmoja kijana akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo bibi. Wewe kwa marehemu ni nani?" Nikamjibu kwamba tulicheza upatu pamoja. Akatabasamu, akidhani uzee umenichanganya, kwa sababu marehemu alikuwa mkulima wa kabichi na upatu wetu ulikuwa wa walimu. Sikumweleza. Ningelazimika kuanzia kwa Zaituni wa kwanza, na mwaka niliokaa naye nyumba moja, na mwaka ule una mambo ambayo hata leo nikiyasimulia mchana kweupe nageuka kuangalia nyuma yangu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, tukiitana ndugu hata tulipogombana. Shule yetu ilikaa begani mwa mlima, na mchana ukishapinduka mawingu yaliingia darasani bila kubisha hodi. Unaandika ubaoni, unageuka, madawati ya nyuma hayapo. Wanafunzi walishazoea, wakajibu maswali kutoka ndani ya ukungu, sauti tu. Mimi nimetoka nchi kavu ya Singida, ambako mtu huonekana tangu yuko mbali mpaka unachoka kumsubiri, na sikuwahi kuzoea. Nyumba niliyopangiwa ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Chumba kimoja changu, cha pili cha Mwalimu Zaituni, Mluguru wa hapo hapo, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mfupi aliyejaa kidogo, mwenye koti jekundu la sufu alilolivaa mwaka mzima. Alinipokea kwa uji wa moto na swali. "Mshahara wa kwanza utaufanyia nini?" Nikamwambia nitanunua viatu vya raizoni, vile vya soli nene, na redio. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Yeye mshahara wake aliushughulikia kabla hajavua koti. Aliketi kitandani, akatandika kanga kuukuu magotini, akaanza kufunga mafundo kwenye pembe zake: fundo la upatu, fundo la mama yake, fundo la chumvi na mafuta ya taa. Kilichobaki nje ya mafundo, hata kama ni shilingi chache tu, ndicho alichokiita mshahara. Sisi wengine tulikuwa matajiri wa wiki moja. Mwalimu Mkuu akirudi na mishahara kutoka mjini, siku ya pili yake tuliteremka Morogoro kwa makundi, tukanunua vitenge na nyama, wenye kunywa wakanywa, na mwezi ukifika katikati tulikuwa tunabisha kwa majirani kuomba chumvi. Kwa tabia hiyo Zaituni alinipa jina. Aliniita Tajiri. Alilitumia nyumbani tu, tukiwa wawili, kwa sababu mbele za watu alinipa heshima yangu ya Mwalimu Felista. Kila mwisho wa mwezi alipenyeza kichwa mlangoni pangu.

"Tajiri, umeweka?"

"Bado."

"Basi hujapata mshahara. Umeshikishwa tu pesa za mwenye duka, umpelekee."

Jioni, kabla ya kutawadha kwa sala ya magharibi, alitumbukiza sarafu moja kwenye kopo la maziwa alilolitoboa juu. Mimi nikiwa upande wangu wa ukuta nilisikia mlio wake, tii, nikajua siku imekwisha. Mwanzoni mlio ule uliniudhi, maana ulikuwa kama kunisuta. Baadaye nikauzoea, hata nikawa nausubiri ndipo niwashe taa.

Upatu wetu aliuanzisha yeye, na haukuandikwa popote. Katika ofisi ya walimu, chini ya dirisha la mbao lisilofungika sawasawa, palikuwa na ubao mrefu wa kuwekea vikombe. Kila mwalimu alikuwa na kikombe chake cha bati, na vikombe vilipangwa kwa zamu. Siku ya mshahara kila mtu alitumbukiza mchango wake kwenye kikombe kilichotangulia, mwenyewe akapokea, akatupikia chai na mihogo, kisha kikombe chake kikahamishwa nyuma kabisa na vilivyobaki vikasogea mbele. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kikombe cha mwenzake isipokuwa Mwalimu Mkuu wakati wa kusogeza. Cha Zaituni kilikuwa cheupe chenye ukingo wa buluu, na kilinukia mchaichai siku zote, kwa sababu hakunywa chai ya majani wala hakutia sukari. Alisema sukari ni njia ya kunywa mshahara. Alikuwa ameomba zamu ya karibu na mwisho, mimi nikawekwa nyuma yake kwa kuwa mgeni, na nyuma yangu alifuata Mwalimu Shomari wa hesabu, aliyesema anapenda kupokea mwisho ili awaone wote wakimaliza kulipa.

Zamu yake Zaituni alikwisha kuipa kazi. Mama yake, ambaye sote tulimwita Bibi, alikaa bondeni chini ya shule, katika nyumba ya nyasi iliyooza upande mmoja. Jumamosi moja ya masika tulikwenda kula kwake ndizi za nazi, na nakumbuka tulivyokula tumebanwa kwenye kona moja, sahani tatu, sufuria nne zimetegwa sakafuni kukinga maji, na Bibi akituomba radhi kama vile mvua ni mtoto wake aliyekosa adabu. "Vumilia mama," Zaituni alimwambia. "Zamu yangu ikifika ni mabati. Vuli haitakukuta chini ya nyasi." Bibi akasema, "Na wewe ukinifia?" Alisema kwa utani. Zaituni akacheka, akajibu, "Hata nikifa nitakuja kuipokea." Mwanahawa, mdogo wake, aliyekuwa anamenya ndizi pale mlangoni pamoja na binti yake Asha, hakucheka. Alimwangalia dada yake kwa muda, akatikisa kichwa kukubali, halafu akaendelea na ndizi zake.

Zaituni alilala pale usiku ule, chini ya lile paa, na siku chache baadaye homa ikamshika kifuani. Wanaume walimbeba kwenye machela kumteremsha hospitali, mimi nikifuata nyuma na koti lake jekundu mkononi, nikiteleza, nikiinuka. Hawakufika. Pale Bigwa waliweka machela chini wabadilishane mabega, na walipotaka kuinua tena mmoja wao akasema, "Tumrudishe nyumbani." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nililia njia nzima ya kupanda. Nilimpenda yule mwanamke, na sikuwa nimemwambia, kwa sababu nani anamwambia mwenzake wa nyumba kwamba anampenda wakati wanagombania kuni? Mwanahawa alikuja baada ya hitima kuchukua vitu vya dada yake, kanga, godoro, lile koti, na lile kopo la maziwa. Chumba kikabaki na kamba ya nguo na harufu ya mchaichai.

Kikombe hakikuchukuliwa. Sisi tuliogopa kukiondoa, na wao hawakukiomba. Siku ya mshahara iliyofuata Mwalimu Mkuu, Mzee Kasiani, mtu wa Songea, Mkristo wa kusali asubuhi na jioni, alisogeza vikombe kama kawaida, na alipoinua kile cha buluu akakirudisha haraka ubaoni. Kilikuwa na majimaji, kama kimesuuzwa sasa hivi. Na ndani yake palikuwa na noti, imekunjwa vipande vidogo vidogo hadi ukubwa wa ukucha wa dole gumba, vile vile alivyokuwa akikunja Zaituni. Aliifungua kwa kalamu, hakutaka kuigusa. Ilikuwa mchango kamili wa mwezi.

"Nani ameweka hii?" aliuliza. Tukaangaliana. Ungetegemea watu waliosoma ualimu wapate la kusema. Kila mmoja alichungulia kikombe chake mwenyewe mpaka kengele ya mapumziko ikagongwa. Mwishowe mchango ule ukatiwa kwenye kikombe cha mwenye zamu, na mwenye zamu, mama mmoja wa Kichagga asiyeogopa kitu, siku hiyo hakutupikia chai. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo. Noti ndogo, kikombe kibichi, harufu ya mchaichai. Shomari alieleza kwamba ni ukungu unaingia dirishani, kila kitu kina unyevu hapa, hata chaki haiandiki. Nikamwambia anuse vikombe vingine basi. Akanusa kimoja kimoja hadi mwisho, akarudi kukaa.

Nyumbani kwangu kulikuwa na jambo lingine, ambalo sikumwambia mtu. Alasiri, mawingu yakishashuka na nyumba imegeuka nyeupe nje ya kila dirisha, nilisikia upande wa pili wa ukuta, tii. Kopo halikuwapo. Nililiona kwa macho yangu likibebwa kichwani na Mwanahawa. Niliingia chumba kile, nikasimama katikati, nikatazama juu nitafute penye kuvuja, na dari lilikuwa kavu. Nikajiambia ni mjusi, ni msumari, ni kichwa changu. Mwezi mmoja, kwa kuchoka tu na kuogopa, nilipopokea mshahara nilikaa kitandani nikafunga mafundo kwenye kanga kabla ya kufanya lolote, na mwezi ule sikusikia kitu. Mwezi uliofuata kulikuwa na vitenge vimeletwa duka la ushirika, nikajisahau. Siku ya tatu nikiwa nachambua mchele, tii. Mchele ulimwagika wote. Nilikimbilia nje nikakaa jikoni kwenye moshi mpaka nilipomwona mtu akipita njiani.

Wakati huo vikombe vilikuwa vinasogea. Kadiri mahindi yalivyokauka na kuvunwa, ndivyo kile cha buluu kilivyokaribia mbele, na walimu walianza kukaa mbali na ule upande wa ofisi. Ndipo Shomari akasema kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiri. "Jamani, marehemu hana zamu. Mimi ni Mwislamu kama yeye, namwombea kila Ijumaa, lakini hana zamu. Alichochanga kabla hajafa tumrudishie Bibi, kikombe kitoke, tusogee. Tukimpa zamu nzima, nani atatuchangia mimi na Felista tuliobaki nyuma? Kaburi litachanga? Na hizi noti zisizo na mwenyewe zikikoma?" Mtu asimwone Shomari mbaya. Alikuwa na watoto wengi na mshahara mmoja, na alichosema kilikuwa hesabu safi. Lakini sote tulijua kwamba alichochanga Zaituni hadi masika kisingefunika hata upande mmoja wa nyumba. Tulijua pia kwamba vuli inakuja na Bibi analala kwenye ile kona. Wengine wakasema hivi, wengine vile, na mimi nilinyamaza, maana kikombe cha Zaituni kikitoka, kinachotangulia ni changu. Raizoni zilikuwa bado zinapangwa madirishani mjini. Redio nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kuiweka.

Siku yenyewe ilikuja na wingu zito kuliko la kawaida, na ilikuwa bado mchana. Mzee Kasiani alirudi na mishahara, tukakusanyika ofisini, mlango wazi na nje hakuna kitu isipokuwa weupe. Kikombe cha buluu kilikuwa cha kwanza. Kilikuwa kikavu. Nakumbuka hilo kwa sababu wote tulichungulia, na badala ya kupata nafuu tuliogopa zaidi. Shomari alikuwa ameinuka kukitoa ubaoni, mkono wake umeshanyooshwa, tuliposikia hodi.

Waliingia watatu. Bibi na fimbo, Mwanahawa na kapu la mchaichai, na katikati yao msichana amevaa koti jekundu la sufu. Alikuwa ni Asha. Nilimfahamu vizuri, alizoea kuniletea ndizi mlangoni, binti mwenye haya ambaye alikunja magoti kabisa aliposema shikamoo mwalimu. Siku ile hakumwamkia mtu. Alipita katikati yetu, akaenda dirishani kwenye kiti cha Zaituni, kile chenye mguu mmoja mfupi ambacho hakuna mwingine aliyeweza kukikalia bila kuyumba, akaketi na kusukuma kisigino chake chini ya ule mguu. Kiti kikatulia. Zaituni alikuwa akikaa vile vile, tangu siku ya kwanza niliyomwona.

"Asha," nikamwita. Hakugeuka.

"Asha hayupo, mwalimu," Mwanahawa alisema taratibu. "Tulikuwa tunasubiri mavuno tupate chakula cha kuwalisha watu. Jana ukoo umekaa, tumempa jina. Huyu ni dada yangu."

"Huyu ni mwanao," Shomari alisema.

"Alikuwa mwanangu." Akaweka kapu chini, akaenda mbele ya binti aliyemzaa mwenyewe, akakunja magoti. "Shikamoo dada."

"Marahaba, Mwanahawa," yule msichana akajibu.

Baadaye nilikuja kujifunza kwamba katika ukoo wao jina la mtu halizikwi, hukaa wazi mpaka apatikane wa kuliingia, na anayeliingia hurithi ndugu na watoto na madeni pamoja nalo. Lakini siku ile sikuwa nimefundishwa. Niliona mama akimwamkia bintiye, na binti akipokea kwa sauti ya mtu mzima, na Bibi kando yao amekaa kwenye benchi anatabasamu kama mtu ambaye mwanawe amerudi kutoka safari.

"Nimekuja kwa zamu yangu," alisema aliyekuwa Asha.

Shomari, ambaye hakuwa mtu wa kuacha hesabu njiani, akamuuliza ni nani atakayechanga kwa waliobaki. "Mimi," akajibu. "Nina kabichi shambani. Nitachanga mpaka wewe utakapopokea, Mwalimu Shomari, wewe unayependa kutuona wote tukimaliza." Shomari akakaa chini. Mzee Kasiani alikuwa ameshika rozari ndani ya mfuko, naona kidole chake kikitembea. Akasema, "Ndugu zangu, mimi siyajui haya. Ninachojua ni foleni ya vikombe. Anayefuata ni Mwalimu Felista. Akidai zamu, ni yake. Akikubali kusubiri, tunampa huyu. Aseme yeye."

Basi wote wakaniangalia mimi. Niliona redio yangu. Niliona na zile sufuria nne sakafuni. Kusema kweli nilikuwa nimefungua mdomo niseme tugawane nusu kwa nusu, jambo ambalo lisingemfaa mtu yeyote, kwa sababu nusu ya paa si paa. Ndipo yule msichana akageuza kichwa. Uso ulikuwa wa Asha, mdogo, wenye chunusi kwenye paji. Aliniinamia kidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni.

"Tajiri," alisema. "Umeweka?"

Hakuna mtu katika chumba kile aliyewahi kulisikia jina lile. Mzee Kasiani aligeuka kumtafuta anayeitwa. Na mimi kabla sijajua nasema nini nilikuwa nimeshajibu, kwa sauti ya mtoto aliyebanwa. "Bado."

Akatingisha kichwa, akasubiri.

"Mpeni," nikasema. "Mpeni zamu yake. Mimi nitasubiri."

Tulichanga mmoja mmoja. Alipokea kwa mikono miwili, akavua kanga aliyojifunga kiunoni, akafunga fundo moja kubwa kwenye pembe, kisha akasimama akatupikia chai. Tulikunywa mchaichai mtupu, bila sukari, na mihogo ya Bibi, kila mtu akiangalia kikombe chake. Yeye alikunywa kwenye kile cha buluu, halafu akakisuuza, akakiweka nyuma ya foleni mwenyewe.

Mabati yalipanda mlimani kichwani mwa watu, mawili mawili, wiki ile ile. Siku ya kuezeka nilikwenda kusaidia kupika, nikakaa na Mwanahawa nyuma ya nyumba tukikuna nazi, na kwa kuwa kulikuwa na jua na kelele za nyundo nilipata ujasiri wa kumuuliza. Alinijibu bila kuficha. Noti aliileta yeye, alfajiri ya kila siku ya mshahara, kabla mwalimu yeyote hajafika. Alipenyeza mkono dirishani akaidondosha kikombeni. Aliuza kabichi na ndizi kuipata. Nafasi ya mtu haiachwi ipoe, alisema, angerudi akute nini? Nikacheka kwa nafuu, nikahisi mwili wote unalegea. Miezi yote ile tulikuwa tumetishwa na mama mmoja na kabichi zake.

"Na kukiosha je?" nikamuuliza. "Ulikuwa unakioshaje kwa pale dirishani?"

Akaacha kukuna. "Kuosha nini?"

"Kikombe. Kilikuwa kibichi. Kinanukia mchaichai."

"Mkono wangu unafika juu ya kikombe tu," Mwanahawa alisema. "Sijawahi kukishika." Tukaangaliana. Halafu kila mmoja akarudi kwenye mbuzi yake, tukakuna nazi nyingi kuliko zilizohitajika.

Vuli ilipoanza nilikuwa kwa Bibi. Tulikula katikati ya chumba, tumetanua miguu, na mvua ikapiga juu kwa nguvu hata hatukuweza kuongea, na Bibi akawa anaangalia dari na kucheka peke yake. Msichana alichanga mwezi uliofuata, na mwingine, hadi Shomari akapokea chote bila kupungua senti. Siku hiyo nilimwona akitoa leso mfukoni na kuifunga fundo. Zamu yangu mimi niliipokea nikateremka mjini, nikapita kwenye dirisha la raizoni, nikasimama, nikaendelea. Nilinunua cherehani ya mkono iliyotumika, na cherehani ile imelisha watoto wangu miaka ambayo mshahara wa ualimu haukutosha hata kunilisha mimi. Tangu zamu ile ilipolipwa, ule mlio wa ukutani haukurudi. Mwisho wa mwaka nilihamishwa. Yule msichana nilionana naye kila nilipopita Morogoro, na tulikuwa mashoga kwa maisha yote, na kuanzia siku ile ofisini mpaka anazeeka sikuwahi kumwita Asha, wala hakuwahi kuniamkia.

Wiki iliyopita nilipanda tena kwa ajili ya arobaini yake. Ukungu ulikuwa umeshuka tayari, watu uwanjani ni vivuli, na mimi nilikuwa nimewekwa barazani na blanketi kwa heshima ya uzee. Hapo awali, kule chini mjini, nilikuwa nimekunjua pesa zangu za pensheni nikizitazama na kufikiria simu kubwa ambayo mjukuu wangu ameniambia kila mtu anayo. Nikasikia harufu ya mchaichai. Msichana mdogo, wa umri wa kuanza shule, alikuwa amesimama mbele yangu na kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu, kimebanduka rangi karibu chote. Nilinyoosha mkono kupokea, nikangoja shikamoo. Haikuja. Aliketi kando yangu, akayaegemeza mabega ukutani, akaniangalia usoni kwa muda mrefu.

"Tajiri," alisema. "Umeweka?"

Mama yake, binti wa marehemu, aliyekuwa anapita na sinia la wali, akasimama kwa aibu. "Tusamehe bibi," akaniambia. "Mama hajui kunyamaza." Akakunja magoti mbele ya mtoto wake, akamwomba ampishe, akaenda zake kwenye ukungu.

Niliweka kikombe chini. Nikatoa zile pesa kifuani, zote, nikavuta pembe ya kanga yangu, na kwa vidole ambavyo siku hizi havinisikii vizuri nikafunga fundo, kisha la pili. Yeye alitazama mpaka nilipomaliza, akalijaribu fundo kwa kidole kuona kama limekaza.

"Nimeweka, Zaituni," nikamwambia.

"Haya," alisema. "Kunywa, chai inapoa."